Nyanya za nyumbani na nyanya za sokoni



Dominika hii naomba tutafakari juu ya kitu ambacho pengine kiko jikoni kwako wakati unasoma gazeti hili. Ni nyanya. Usishangae. Bwana wetu alifundisha kwa mbegu, kwa chachu, kwa samaki na kwa mtini usiozaa, wala hakuona aibu kuzungumza habari za chakula.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa paroko katika parokia moja ya vijijini mkoani Iringa. Aliyewahi kusafiri kutoka Morogoro kwenda Iringa anaijua Ilula, na anayajua matenga ya nyanya yaliyopangwa kando ya lami. Ukanda ule ndio uliokuwa mezani kwangu na ndio uliokuwa shamba langu la kichungaji. Wengi wa waumini wangu walisomesha watoto kwa nyanya, walijenga kwa nyanya na zaka walitoa kwa nyanya.

Siku moja baada ya Misa ya pili, mzee mmoja aliniletea ndoo ya nyanya. Alikuwa muumini mwema, mwenyekiti wa jumuiya yake, mtu ambaye hakukosa kuungama kila mwezi. Nyanya zenyewe zilikuwa ndogondogo, nyekundu, moja mbili zikiwa na tundu la mdudu. Nikamshukuru. Akanisogelea, akashusha sauti, akasema: "Padre, hizi kula bila wasiwasi. Ni za bustani ya nyumbani. Siyo zile za sokoni."

Nikacheka, nikamshukuru tena. Mchana nikala kachumbari, tamu kwelikweli. Usiku, wakati wa kuchunguza dhamiri kabla ya kulala, maneno yale yakanirudia. Kama hizi ni za kula bila wasiwasi, zile nyingine ni za kuliwa na nani? Asubuhi ya siku ileile fuso lilikuwa limeondoka kijijini na matenga yake kwenda Dar es Salaam. Dada yangu anaishi Dar es Salaam. Ana watoto, nami nawapenda wapwa zangu. Nyanya wanazokula wao si za bustani ya nyumbani ya mtu yeyote. Ni za sokoni.

Yule mzee hakusema uongo. Alinipa kilicho bora, kama Abeli. Aliyekosa siku ile ni mimi, kwa sababu nilielewa vizuri alichokisema na bado nikala nikanyamaza.

Tusije tukaelewana vibaya, ndugu msomaji. Sisemi kwamba kutumia dawa shambani ni dhambi. Mkulima wa nyanya ana vita kila siku. Kuna bakajani chelewa, ule ugonjwa wa ukungu unaopenda baridi na mvua, ambao hukausha shamba kana kwamba limepitiwa na moto. Na tangu mwaka 2014, alipoonekana nchini kwa mara ya kwanza, yuko yule nondo mdogo mwenye asili ya Amerika ya Kusini ambaye wakulima wenyewe walimbatiza jina la kantangaze. Asipodhibitiwa, shamba lote linakwisha. Anayesema mkulima aache dawa zote kesho asubuhi, huyo hajawahi kulala na deni la pembejeo.

Lakini kila dawa iliyosajiliwa ina kibandiko, na kibandiko kina mambo mawili ambayo kila mtu anapaswa kuyajua, hata asiyelima. La kwanza ni rangi: nyekundu ni ya sumu kali zaidi, ikifuatiwa na njano, bluu na kijani. La pili ni siku za kungoja. Hizi ni siku zinazopaswa kupita kati ya kupulizia kwa mara ya mwisho na kuvuna. Kwa dawa nyingine ni siku 3, nyingine 7, nyingine 14 au zaidi. Siku hizo zina kazi yake. Ndani ya siku hizo jua, hewa, maji na mmea wenyewe huivunjavunja sumu mpaka kinachobaki kiwe kidogo kiasi cha kutomdhuru mlaji. Kiwango hicho cha mwisho kinachovumiliwa hupangwa kitaalamu. Kwa upande wa kimataifa hufanywa na tume ya Codex Alimentarius, iliyoanzishwa na mashirika ya FAO na WHO miaka ya 1960. Hapa kwetu kazi ya kusajili na kudhibiti viuatilifu ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020.

Kwa hiyo tatizo haliko kwenye dawa peke yake. Liko kwa mtu anayepulizia Jumatatu na kuvuna Jumanne. Liko kwa anayechanganya dawa tatu katika bomba moja kwa kukisia. Liko kwa anayepima kwa kifuniko cha chupa na kuongeza kimoja "ili ishike". Dawa nyingi za wadudu, hasa zile za jamii ya organofosfeti, humuua mdudu kwa kuvuruga mishipa yake ya fahamu. Mishipa yetu nayo hufanya kazi kwa namna inayofanana na hiyo. Ndiyo maana mpuliziaji asiye na glavu wala buti huumwa kichwa, hutokwa na mate, hutapika na kuona ukungu, na bilauri ya maziwa anayokunywa akidhani ni kinga haimkingi. Mlaji hapati dozi kubwa namna hiyo. Yeye anapata kidogo leo, kidogo kesho, mwaka hadi mwaka. Walio katika hatari zaidi ni wajawazito na watoto, kwa kuwa miili ya watoto ni midogo na bado inajengeka.

Sasa twende jikoni, maana najua kuna mama anayesoma hapa na kujiuliza: "Padre, mimi niliyeko Mbagala nifanye nini?" Nitakueleza, na ukitaka kata kipande hiki cha gazeti ukibandike ukutani.

Kwanza, usiache kula mboga na matunda. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima ale angalau gramu 400 kwa siku, na faida yake ni kubwa. Hofu isitufanye tukimbie mchicha na kuangukia chipsi.

Pili, osha kabla ya kukata. Wengi wetu hukata mchicha au kabichi halafu ndiyo tunaosha. Tukifanya hivyo, kilichokuwa juu ya jani kinaingia mahali palipokatwa. Nawa mikono, chambua, kisha osha majani kidogo kidogo katika maji safi, ukibadilisha maji mara tatu. Kabichi, ondoa majani ya nje mawili matatu na uyatupe, kwa sababu hayo ndiyo yaliyopokea dawa nyingi.

Tatu, nyanya, hoho, tango, karoti na matunda yaoshwe kwa maji yanayotiririka, huku ukisugua kila moja kwa vidole. Kama huna bomba, mwenzio amiminie kwa kopo. Usizitumbukize kwenye beseni na kuzitoa, maana hapo unaziogesha zote katika uchafu wa mojawapo. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Connecticut nchini Marekani walipima jambo hili. Waliona kwamba kuosha kwa maji ya kawaida ya bomba kulipunguza mabaki ya viuatilifu 9 kati ya 12 walivyovichunguza, na kwamba zile dawa maalumu za kuoshea matunda zinazouzwa madukani hazikuyashinda maji matupu. Kazi kubwa inafanywa na kule kutiririka na kusugua.

Nne, usitumie sabuni ya kufulia wala ya kuoshea vyombo. Matunda na mboga vina vitundu vidogo visivyoonekana, nayo sabuni huingia humo ukaila. Maji ya chumvi au siki si mabaya, mradi usuuze vizuri baadaye. Kuna utafiti wa mwaka 2017 wa Chuo Kikuu cha Massachusetts uliotumia matufaha, haya tunayoyaita epo. Yaliloweshwa katika maji yenye baikaboneti ya soda, ile ya unga mweupe inayotumika kwenye keki, kiasi cha gramu 10 kwa lita moja, kwa dakika 12 hadi 15. Dawa iliyokuwa juu ya ganda ilitoka vizuri kuliko kwa maji peke yake. Nayo unasuuza baadaye kwa maji safi.

Tano, osha hata tunda unalolimenya. Kisu kinachopita kwenye ganda chafu la chungwa au embe kinafika mpaka ndani. Baada ya kuosha, futa kwa kitambaa safi. Na maji yenyewe yawe salama, tusije tukaondoa dawa tukaweka homa ya matumbo. Kwa kachumbari ongeza uangalifu, kwa sababu nyanya yake haiendi motoni. Ingawa moto nao hauondoi kila kitu.

Hayo ndiyo yaliyo mikononi mwa mama wa Mbagala. Kama ningeishia hapo, makala hii ingekuwa ya afya tu, na wapo waandishi wanaoyajua mambo hayo kuniliko. Inanibidi niendelee.

Katika utafiti ule wa Massachusetts kuna jambo la pili. Sehemu ya dawa ilikuwa imeshapenya ndani ya ganda la tufaha, na hiyo haikutoka hata kwa kuloweka. Zipo pia dawa ambazo zimetengenezwa makusudi ziingie mwilini mwa mmea, zisafiri katika maji yake kutoka mzizi hadi jani na tunda, ili mdudu afe popote atakapouma. Dawa ya namna hiyo ikipulizwa na tunda likavunwa kabla ya siku zake, mama wa Mbagala anaweza kusugua mpaka vidole vichubuke. Atakuwa anasafisha nje ya kitu ambacho kimeharibika ndani.

Unakumbuka jinsi Yesu alivyowaambia Mafarisayo waliokuwa hodari wa kusafisha vikombe? Aliwataka waanze na ndani, na nje nako kutakuwa safi (Mt 23:25-26). Alisema habari za moyo, si za mboga. Lakini na hapa tunaongea habari za moyo, kwa sababu nyanya hiyo ilichafuka kwa uamuzi wa mtu kabla ya kuguswa na dawa. Alijua, akahesabu siku, akaona fuso limefika, akavuna.

Katika Kitabu cha Walawi Mungu anawaamuru Waisraeli wasimlaani kiziwi wala wasiweke kikwazo mbele ya kipofu, bali wamche Yeye (Law 19:14). Nilipokuwa seminarini mwalimu wetu wa Maandiko Matakatifu alituuliza: ni mtu gani mwenye akili timamu anayemwekea kipofu gogo njiani? Hakuna aliyejibu. Akatuambia kwamba kipofu hapa ni yeyote asiyeweza kuona jambo ambalo wewe unaliona. Mnunuzi wa nyanya sokoni Kariakoo, hata awe na macho mazuri namna gani, ni kipofu. Haoni siku ya mwisho ya kupulizia. Haoni kibandiko cha chupa iliyobaki shambani Kilolo. Anaona wekundu tu. Anayeona ni mkulima peke yake, na juu yake kuna Mungu, ambaye ndiyo maana ametajwa mwishoni mwa amri ile.

Kumbukumbu la Torati nayo inamwagiza anayejenga nyumba mpya kuweka ukingo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo (Kumb 22:8). Mwenye nyumba hakumsukuma mtu. Hakumchukia. Pengine hata hakumjua. Kosa lake ni kwamba hakumfikiria. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, inapoieleza Amri ya Tano, Usiue, inafuata njia hiyohiyo: amri inakataza pia kumweka mwenzako katika hatari ya kifo bila sababu nzito. Wengi wetu tunaipita amri hii haraka tunapojiandaa kuungama. "Sijaua," tunasema, na kuhamia ya sita. Tukae kidogo hapo kwenye ya tano.

Ndiyo maana zile bustani mbili zinanisumbua. Kama mkulima angekuwa hajui, ningesema ni ujinga, aje bwana shamba amfundishe. Lakini mtu mwenye bustani ya nyumbani isiyopuliziwa na shamba la sokoni linalopuliziwa mpaka siku ya kuvuna, huyo ameshajua. Bustani ile ndiyo ushahidi. Yesu alisema tuwatendee watu yale tunayotaka tutendewe nao (Mt 7:12), na hapa mtu amechora mpaka kwa jembe kati ya wale anaowatakia uzima na wale asiowajua.

Wala wakulima wa Ilula si wa kwanza kuchora mpaka huo. Paraquat ni dawa ya kuua magugu, kali sana, ambayo mtu akiinywa hata kidogo kuokoka ni vigumu. Umoja wa Ulaya uliacha kuiruhusu mwaka 2007. Lakini kiwanda kilichoko Uingereza kiliendelea kuitengeneza na kuiuza nje, kwa mashamba ya watu wengine. Hiyo nayo ni bustani ya nyumbani na shamba la sokoni. Na sisi wenyewe, maharage machanga yanayopanda ndege kwenda Ulaya tunayapima kwa makini, maana tunajua shehena ikizidi kiwango itakataliwa. Yanayopanda bodaboda kwenda sokoni kwetu ni mara ngapi yanapimwa? Mtoto wa Amsterdam na mtoto wa Manzese wana mishipa ya fahamu ileile. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alizitaja dawa za wadudu, za ukungu na za magugu miongoni mwa vitu vinavyochafua nyumba yetu ya pamoja, na hakuacha kutukumbusha kwamba wanaoumia kwanza ni maskini.

Nirudi kwenye parokia yangu. Dominika ya tatu baada ya ile ndoo, nilihubiri juu ya kipofu na kikwazo. Sikumtaja mtu. Jioni yake yule mzee akaja ofisini, akakaa, akaweka kofia magotini. "Padre, leo umenihubiri mimi."

Nikamwambia nimejihubiri na mimi, niliyezila nikanyamaza.

Akakubali kwa kichwa. Kisha akasema: "Sasa nisikilize na mimi. Dalali hapigi simu. Anafika na gari, anataka matenga mia kabla ya jua kuzama. Nikimwambia nimepulizia juzi, angoje siku saba, anakwenda kwa jirani, na jirani amepulizia jana. Baada ya siku saba nyanya zangu zimeiva zimepasuka, na bei imeanguka. Mwanangu yuko kidato cha tatu. Hizo siku saba, Padre, nani ananilipa?"

Ndugu msomaji, nina shahada ya teolojia, na sikuwa na jibu. Ningeweza kumwambia Mungu atakulipa. Ni kweli atamlipa, lakini ni rahisi kulisema hilo ukiwa umeshiba kachumbari ya mwingine. Nikakaa kimya. Mara hii kimya changu kilikuwa cha haki kidogo kuliko kile cha kwanza.

Jibu alilileta yeye mwenyewe baada ya majuma mawili. Alikuwa amelipeleka suala kwenye jumuiya ndogo ndogo. Kaya zilikuwa kumi na nne, karibu zote za wakulima wa nyanya, mashamba yakipakana. Wakakubaliana mambo matatu. Kwanza, kila mmoja aandike kwa chokaa kwenye ubao, ubao usimame pembeni mwa shamba, uonyeshe siku aliyopulizia mara ya mwisho. Pili, asiwepo anayemuuzia dalali kabla siku za kibandiko hazijaisha, ili dalali akikimbia kwa jirani amkute jirani naye ana ubao. Tatu, wapande kwa zamu, ili kila juma pawe na shamba ambalo siku zake zimetimia, na fuso lisirudi tupu.

Sitakudanganya kwamba yote yalikwenda vizuri. Msimu wa kwanza kaya nne zilivunja ahadi bei ilipopanda. Pakawa na maneno, na mama mmoja akahama jumuiya. Ubao mmoja uliandikwa tarehe ya uongo, na kila mtu alijua. Lakini kumi walishika. Msimu wa pili wakamwita afisa ugani, akawafundisha kupima dawa vizuri, kuokota na kuzika matunda yenye mdudu, kubadilisha zao na kutopulizia kwa kalenda tu hata kama shambani hakuna mdudu. Wakajikuta wananunua chupa chache kuliko zamani. Zile siku saba zikaanza kujilipa zenyewe kidogo kidogo.

Kutokana na wale kumi nimejifunza kwamba dhambi ya namna hii mtu mmoja ni shida kuiacha peke yake. Mkulima mmoja mwaminifu katikati ya kumi na watatu wasiojali atafilisika, na uaminifu wake utageuka hadithi ya kuchekesha kilabuni. Ndiyo maana kanisa linatupanga katika jumuiya. Kusali rozari pamoja ni jambo jema, lakini jumuiya inayoweza kukubaliana kuhusu siku ya kuvuna imeelewa rozari yake.

Basi kila mmoja wetu achukue lake. Wewe mkulima, usiwe na bustani mbili. Usichoweza kumlisha mwanao usikitie kwenye tenga. Chupa iliyoisha ioshe mara tatu, itoboe, isirudi nyumbani kuwekwa mafuta wala chumvi. Wewe mwenye duka la pembejeo, usimpimie mtu dawa kwenye chupa ya soda isiyo na kibandiko. Chupa hiyo mtoto ataiona ni soda. Wewe dalali, piga simu siku saba kabla. Ni shilingi chache tu za vocha. Wewe mnunuzi, acha kutupa nyanya yenye alama ndogo na kuchagua inayong'aa kama ya plastiki, kwa sababu unapofanya hivyo unamfundisha mkulima kupulizia zaidi. Muulize mchuuzi wako nyanya zimetoka wapi. Leo hatajua, lakini akiulizwa na watu hamsini, kesho naye atamuuliza dalali. Ninyi mliopewa dhamana ya kupima na kukagua, masoko yetu ya ndani nayo yana walaji. Na sisi mapadre tunaopokea ndoo na mikungu ya ndizi kila Dominika, tuwe na ujasiri wa kuuliza swali moja kabla ya kusema asante.

Katika Misa tunamtolea Mungu mkate na divai, vitu vilivyotoka ardhini na kupitia mikononi mwetu. Waumini wa vijijini huleta altareni na mahindi, mboga na nyanya. Ukipanga mstari Dominika ijayo na kapu lako mkononi, jiulize kama kilicho ndani yake ungekuwa radhi kimfikie mtu usiyemjua, huko aliko, bila wewe kumnong'oneza neno lolote.

Mwaka niliohamishwa parokia ile, yule mzee alikuja kuniaga. Alikuwa na ndoo ileile, imepauka kidogo. Nyanya zilikuwa kubwa, za kupangwa kwenye tenga. Nikamtazama, naye akanitazama, akajua ninachotaka kuuliza.

"Ni za sokoni, Padre," akasema. "Osha tu kama kawaida."

Nikaziosha, nikala.

Nawatakieni Dominika njema na chakula chema. Mungu awabariki.